Ningemwahi, angepona? Jibu kwa mwenye mbwa mdogo wa Tabata

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Tabata Bima. Nilikuwa na mbwa wawili wadogo wenye manyoya meupe, kaka na dada, kila mmoja kilo nne. Jumapili saa saba usiku yule jike alianza kutoa mate mengi, akaharisha, akawa anatetemeka misuli yote. Nilimpa maziwa, mama mkwe akasema nimwongezee mafuta ya kula. Nikapiga namba mbili za kliniki, hazikupokelewa. Nikajisemea ngoja kupambazuke. Alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Kwenye matapishi yake nilikuta punje nyeusi. Naomba uniambie ukweli: ningemwahi, angepona? Na huyu kaka yake aliyebaki, usiku kama ule ukija tena nifanyeje? Tangu siku ile hali chakula, analala juu ya khanga ya dada yake.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeniomba ukweli, nami naanza nao.

Mate yasiyokoma, kuharisha, misuli kutetemeka na punje nyeusi kwenye matapishi, vyote kwa pamoja, vinanipeleka kwenye sumu za jamii ya organofosfeti na kabameti. Hizi ni sumu za kuulia wadudu mashambani, lakini huku mjini zinapita mikononi mwa watu ndani ya vipaketi visivyo na maandishi kama dawa ya panya. Zinazuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika. Ujumbe usipozimwa, tezi zinamwaga mate na machozi bila kukoma, utumbo unajikamua, njia za hewa zinajaa majimaji, na misuli ya kupumulia inachoka hadi inasimama. Dawa ya kupambana nayo ipo, inaitwa atropini, na si dawa ya kifahari. Angefikishwa kwenye atropini na oksijeni ndani ya saa moja ya kwanza, angekuwa na nafasi ya kweli ya kupona. Siwezi kukuapia kwamba angepona, kwa sababu sijui alimeza punje ngapi. Kwa kukaa naye saa nne nyumbani, nafasi ile ilikwisha.

Hilo ni zito kulisoma, najua. Lakini aliyemuua ni sumu, si wewe. Wewe uliamka usiku wa manane, ukamshika, ukapiga simu mbili. Ulichokosa ni kitu ambacho hakuna aliyekufundisha, na ndicho ninachotaka ukae nacho kwa ajili ya huyu mwingine: mbwa wa kilo nne hana akiba ya kumsubirisha hadi asubuhi.

Chukua damu. Mbwa ana kadiri ya mililita 85 hivi za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mbwa wako hiyo ni kama mililita 340, yaani mwili mzima una damu isiyofika chupa moja ya soda. Mbwa wa ulinzi wa kilo 35 akimwaga kikombe cha chai cha damu atalegea kidogo. Wako akimwaga kiasi hichohicho, amemaliza zaidi ya nusu ya alichonacho. Maji ni vivyo hivyo: kuharisha mara tano kwa usiku mmoja kunamkausha. Sukari nayo ni vivyo hivyo, hasa watoto wa mbwa wa aina ndogo walio chini ya miezi minne, ambao wakikosa kula kwa saa chache tu sukari ya damu inashuka, wanalegea, wanapepesuka, wanaingia degedege. Na punje ya sumu ambayo ingemtapisha mbwa mkubwa, kwa huyu ni dozi kamili.

Sasa maziwa. Karibu kila nyumba ya Dar ninayoingia kwa kesi ya sumu nakuta bakuli la maziwa sakafuni, na najua linatoka kwenye upendo. Maziwa hayavunji sumu ya aina hii. Mafuta yanaweza hata kuisaidia sumu inayoyeyuka kwenye mafuta iingie mwilini haraka zaidi. Hatari kubwa kuliko zote mbili ni kwamba mnyama anayetetemeka hawezi kumeza sawasawa, kwa hiyo unachomnywesha kinaingia mapafuni. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe inaweza kumuua mbwa mdogo. Msimpe mkaa wa jikoni uliosagwa, maana mkaa wa dawa ni kitu kingine kabisa, umetengenezwa kunyonya sumu, na unatolewa na mtu anayejua kama mnyama yuko katika hali ya kumeza. Kama alichokunywa ni mafuta ya taa au dawa ya kuzibulia choo, kutapika kutamuunguza mara ya pili au kutapeleka mafuta hayo mapafuni. Unachoweza kufanya nyumbani ni kumwondoa pale alipo, kufuta mate na mabaki mdomoni kwa kitambaa chenye unyevu ukiwa umevaa mifuko ya plastiki mikononi, kuokota kilichobaki cha ile sumu pamoja na matapishi kidogo kwenye mfuko uliofungwa, na kutoka. Zile punje nyeusi ulizoziona zingemwambia daktari nusu ya habari kabla hajamgusa mgonjwa.

Utajuaje kwamba hili ni la usiku huu na si la kesho? Jifunze fizi. Leo, akiwa mzima, mfunue mdomo pembeni uone rangi ya ufizi. Ni pinki. Bonyeza kwa kidole paweupe, uachie: rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta kope ya chini utazame ndani. Fanya hivyo mara kadhaa wiki hii ili macho yako yaizoee rangi ya afya. Ufizi uliopauka kama karatasi, wa bluu, wa njano, au mwekundu wa kuiva kama tofali, huo ni wa usiku huu, hata kama mbwa bado anatikisa mkia. Halafu hesabu pumzi akiwa amelala: kifua kikipanda na kushuka ni moja. Chini ya 30 kwa dakika ni salama. Akiwa amepumzika na bado zinapita 40, na tumbo linasukuma, usingoje. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, kikipakwa mafuta kidogo na kuingizwa njia ya haja kubwa, kinatakiwa kisome kati ya nyuzi joto 38 na 39.2 za Selsiasi.

Zaidi ya hapo, dalili za kuondoka nazo mara moja ni hizi: degedege linalozidi dakika 5 au linalorudi siku hiyohiyo, kuanguka, kutapika au kuharisha damu, kujaribu kukojoa bila mkojo kutoka, mkojo wa rangi ya kahawa au soda nyeusi. Huo wa mwisho mara nyingi ni homa ya kupe, babesia, inayopasua chembe za damu. Mkiona kupe wengi na ufizi uliopauka kwa wakati mmoja, msiende kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa wangapi wadogo nimewapokea wamelowa dawa ya ng'ombe, wakiwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nisisitize juu ya kung'atwa, kwa sababu mtaani kwenu kuna mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku. Mbwa mkubwa akimkamata mdogo humtikisa. Nje unaona tundu moja dogo la jino, halitoi damu, watu wanapaka dawa ya kidonda wanalala. Ndani misuli imechanika kutoka kwenye mbavu, pafu limetobolewa, wakati mwingine utumbo. Nilipokea mmoja hivyo siku tatu baada ya tukio, tundu likiwa limeziba vizuri kwa nje, na kifua chote ndani kimejaa usaha. Mbwa mdogo aliyetikiswa na mkubwa, au aliyegongwa na bodaboda akasimama na kutembea, anaonwa na daktari usiku uleule.

Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi nalo linaua, hasa hawa wenye pua fupi. Hapo tu ndipo nitakwambia usiondoke kwanza: mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, mwelekezee feni dakika 10, kisha ondoka huku AC ya gari ikiwaka au madirisha yakiwa wazi. Na jike anayenyonyesha akianza kukakamaa na kutetemeka wiki chache baada ya kuzaa, kalsiamu imeisha mwilini. Watoto waondolewe kwenye chuchu na mama aletwe.

Tuje kwenye simu, maana hapo ndipo usiku wako ulipokatikia. Kibao kinaweza kusema saa 24, lakini kwa kliniki nyingi maana yake ni daktari aliyelala kwake na simu kando ya kitanda. Hilo si kosa. Ila linataka maandalizi ya mchana. Wiki hii piga simu kliniki tatu mchana kweupe na uwaulize wazi: nikija saa nane usiku, nani anafungua mlango? Ni namba hii au nyingine? Mna oksijeni? Mna atropini na vitamini K? Mgonjwa akilazwa, kuna mtu anayekesha naye? Ulizeni pia kama daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, linalosimamia taaluma hii chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Daktari halisi hatachukia swali hilo. Mtaani kuna wengi wanaoitwa daktari kwa sababu wana begi na sindano. Afisa mifugo wa kata naye namheshimu sana, kwa chanjo na ushauri anafaa, lakini wengi wao hawakupewa oksijeni wala chumba cha upasuaji, kwa hiyo usipoteze saa ya kwanza ukimsubiri aje nyumbani. Andika namba hizo kwenye karatasi, ubandike nyuma ya mlango wa jikoni, na chini yake andika uzito wa mbwa na tarehe ya chanjo zake.

Ukipiga, usianze na hadithi ya alivyoshinda. Sema hivi: "Mbwa wa kilo nne, miaka mitatu, amekula sumu, anatetemeka na kutoa mate tangu saa saba, ufizi umepauka, niko Tabata Bima, natoka sasa hivi." Maneno hayo yanamfanya daktari aanze kuvuta dawa kwenye sindano kulingana na uzito wakati wewe bado uko Ubungo. Wa kwanza asipopokea, piga wa pili ukiwa tayari unatafuta usafiri. Simu isiyopokelewa isikurudishe kitandani.

Usafiri wenyewe una mambo yake. Kliniki nyingi za mbwa na paka jijini ziko upande wa Msasani, Mikocheni na Mbezi Beach. Kutoka kwako ni Barabara ya Mandela hadi Ubungo, unashika Sam Nujoma hadi Mwenge. Saa kumi na moja jioni njia hiyo inaweza kukumalizia saa nzima na zaidi kwenye foleni. Saa saba usiku ni nyeupe. Watu wanaogopa usiku, lakini kwa dharura usiku ndio barabara inayopitika. Kungoja asubuhi ni kungoja dalili zizidi na foleni ianze.

Madereva wengi wa mtandaoni na wa bajaji wanakataa mbwa, na wengi wao ni Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Msigombane nao. Mweke mgonjwa ndani ya tenga lenye mfuniko au boksi gumu lenye matundu, chini tandika mfuko wa plastiki na juu yake khanga, mwambie dereva kabla hajafika, mwahidi kwamba mnyama hatagusa kiti na kwamba utaongeza nauli. Nimeona madereva waliokataa kwa simu wakikubali walipoona tenga. Bora zaidi, zungumza sasa na bajaji mmoja wa kijiweni kwenu au jirani mwenye gari, awe anajua kwamba siku moja unaweza kumgongea. Bodaboda iwe ya mwisho kabisa, na iwe na mtu wa pili anayeshika tenga kwa mikono miwili.

Njiani mlaze ubavu, shingo imenyooka, usimbane kifuani kwa kumkumbatia. Aliyegongwa alale juu ya ubao au khanga iliyokunjwa ivutwe kama machela. Mnyama mwenye maumivu anang'ata hata mkono anaoupenda, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika, anahema kwa shida au ana pua fupi. Mtoto wa mbwa aliyelegea kwa sukari, mpake asali kidogo kwenye ufizi kwa ncha ya kidole, mfunike apate joto, na mwendelee na safari hata akizinduka.

Hapa niweke onyo kubwa. Mbwa ambaye taya limening'inia, anadondosha mate, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, huonekana kama amekwamwa na mfupa. Wenye mbwa wengi huingiza mkono kooni kutafuta mfupa huo. Kichaa cha mbwa kinaweza kuja kwa sura hiyohiyo, ya upole na kupooza, bila kumkimbiza mtu yeyote. Kama chanjo yake imepitwa au hamjui, msiingize mkono. Mwambie daktari kwenye simu ili ajiandae. Mate yakigusa kidonda, au mtu aking'atwa au kukwaruzwa, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na muende hospitali ya watu kuanza sindano siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa huo hauponyeki. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi hufanya kampeni za chanjo. Mpeleke.

Mkifika mlangoni, mtu atamchukua mbwa mikononi mwako akaingia naye ndani, wewe ukabaki nje. Hilo linawaumiza watu, nalielewa. Ndani wanatafuta mshipa kwenye mguu mwembamba kama kidole chako, na kila mkono wa ziada chumbani unachelewesha dripu. Toa karatasi yako, toa mfuko wa mabaki ya sumu, na useme kila kitu alichopewa nyumbani. Kama mtu alimpa diklofenaki, ibuprofeni au paracetamol kwa sababu alionekana ana maumivu, sema. Hatutakugombeza. Dawa hizo zinaharibu tumbo, figo au ini la mbwa, na tukizijua tunabadilisha matibabu.

Fedha nazo zisemwe mapema, kwa uso mkavu. Uliza: usiku wa leo utafika kiasi gani, na kesho akilala hapa itaongezeka ngapi? Mwambie daktari ulichonacho kwenye simu yako. Kwa kiasi kidogo daktari mzuri ataanza na kinachookoa maisha, ataahirisha vipimo vinavyoweza kusubiri. Anza kuweka kidogo kidogo pembeni kwa ajili ya huyu aliyebaki, hata kama ni ya nauli na dripu ya kwanza tu. Na ikiwa daktari atakuambia kwamba mateso yamezidi matumaini, muulize maswali yako yote, umshike mbwa wako, kisha uamue. Kumlaza kwa sindano, afe bila maumivu, si kumsaliti.

Kwa huyo kaka. Jambo la kwanza, sumu ile ilifika kwenye ua wenu, na haijulikani kama zilikuwa punje zilezile tu. Zunguka leo jioni kwa tochi: chini ya geti, nyuma ya simtanki, kwenye mitaro, pembezoni mwa ukuta wa jirani. Tafuta vipande vya dagaa, nyama au mkate vilivyopakwa kitu. Zungumza na majirani kwa upole, maana huenda aliyeweka alikuwa anapambana na panya wake na hakujua kwamba upepo au kunguru wangeileta kwenu. Ziba upenyo wa chini ya geti kwa tofali.

Jambo la pili, kuna sumu ya panya ya aina nyingine inayozuia damu kuganda, na hiyo haionyeshi kitu siku ya kwanza. Damu huanza kuvuja siku ya tatu hadi ya tano: fizi, puani, kwenye kinyesi, au ndani ya kifua ambako unaona kuchoka na kuhema tu. Dawa yake ni vitamini K na huchukua wiki kadhaa. Kama naye alilamba kitu kwenye ua ule, siku zenyewe ndizo hizi.

Na kwa hilo la kutokula. Mbwa waliolelewa pamoja hutafutana, nimeliona mara nyingi, na khanga ile ina harufu ya dada yake. Usiifue kwanza, mwachie. Mpe chakula laini cha uvuguvugu kidogo mkononi, kaa naye chini. Lakini nimekwisha kukueleza mwili wa kilo nne ulivyo, kwa hiyo sitaki tuite kila kitu huzuni. Mfunue mdomo sasa hivi utazame ufizi, hesabu pumzi zake, mpime joto. Kimoja kikiwa tofauti na nilivyokuandikia, au kama ameshatimiza saa 24 bila kutia kitu mdomoni, mweke kwenye tenga pamoja na khanga yake umlete aonwe, hata kama ni usiku.